Kompaila Isiyo na Adabu

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Nimeunda lugha ya Kiswahili ya kuandikia programu, na kompaila ya kuitafsiri ili kompyuta iifahamu. Nilipokuwa naijaribu peke yangu, niliifundisha kunitukana kila nikikosea. Majuzi nikafuta matusi katika maandishi yake, nikaitumia hiyo hiyo ya zamani kujenga mpya yenye adabu. Kumbe mpya nimeijengea laptop yangu tu. Kompyuta ya skuli yetu ya Kiembe Samaki imebaki na ya zamani.

Bi Rukia, mwalimu mkuu, ndiye wa kuamua kama lugha yangu isomeshwe. Mbele ya walimu wote akaandika mstari kwenye kompyuta hiyo ya skuli, akasahau mabano. Skrini ikajibu: "Umekosea tena, punguani!"

Nikababaika. "Shikamoo, Bi Rukia," nikamwamkia mara ya pili asubuhi ile.

Akavua miwani taratibu. "Marahaba, punguani."