Nyapara Asiyepaza Sauti

Katika karakana ya vioo, anayewaongoza wabebaji huitwa nyapara, na siku nzima husikika akipiga kelele: "Inua! Kushoto! Taratibu!" Mama Pacha amekata vioo hapo tangu wanawe wakiwa wananyonya. Upasuaji wa koo ulimwachia mnong'ono tu. Hata hivyo, nyapara alipostaafu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba nafasi hiyo.

Bosi alimwita ofisini.

"Dada, uwezo unao, sibishi. Lakini kuweza ni kitu kimoja, kufaa ni kingine. Nyapara ni koo."

"Nyapara ni macho, bosi."

"Haya. Kikatio chako kinakata vioo vyote hapa. Mbona kioo cha mlango wa gari hukigusi?"

"Kioo hicho kitapasuka, kimwagike chini kama chumvi."

"Umeona? Chombo kina uwezo, ila hapo hakifai. Ndivyo ulivyo wewe."

Mfano ulikuwa mzuri. Mama Pacha mwenyewe alikiri hivyo aliponisimulia. Ila alikuwa na jibu.

"Kioo kile kilijaribiwa, kikapasuka, ndipo tukajua. Mimi umenijaribu lini?"

Bosi akachukua simu yake. "Nitakujulisha."

Mama Pacha hakungoja kujulishwa. Asubuhi iliyofuata lori lilileta kioo cha duka, kipana kama ukuta. Wabebaji wanne walisimama mikono mitupu, hawana wa kuwaamrisha. Mama Pacha akavaa glavu, akaenda kusimama mbele yao.

"Shemeji, tutakusikiaje?" akatania Bonge, mdogo wa mumewe. "Tukuletee spika?"

"Funga domo, utanisikia."

Wenzake wakamcheka Bonge, kisha wote wakanyamaza. "Inua," akanong'ona, wakainua. Kiganja chake kilipofunguka, walisimama. Kilipoelekea kushoto, nao kushoto. Kilichosikika ni viatu tu vikikwaruza saruji, mpaka kioo kikaegemea mahali pake, kizima.

Bosi alikuwa mlangoni. "Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

"Na kingevunjika?"

"Ungepata haki ya kusema sifai. Leo huna."

Mpaka ninaandika haya, bosi hajatangaza nyapara mpya. Analalamika tu kwamba karakana imepoa mno, hajui hata kama watu wanafanya kazi. Mama Pacha hilo halimnyimi usingizi. Lori likiingia, yeye ndiye anayesimama mbele, na wanne wale humtazama mikono kabla hawajagusa chochote.