Ua Jekundu la Sebuleni

Nilihamia Mlali kufundisha hivi karibuni tu, na sebule yangu haikuwa na hata jani. Kwenye mteremko juu ya mashamba ya kabichi nikaona ua la majani mekundu yenye michirizi ya njano, limeota peke yake. Nikaling'oa na mizizi yake, nikalipanda kwenye kopo la rangi. Kila asubuhi nikawa nafuta majani yake kwa kitambaa kibichi, najiona bwana shamba.

Jana jirani yangu, Mama Anatoli, aliniletea mchicha.

"Shikamoo mama. Hebu tazama ua langu, nimelitoa kule mteremkoni!"

Akaligusa, kisha akakaa chini taratibu.

"Mwalimu, msalaba wa marehemu mume wangu ulishaliwa na mchwa. Hilo ua ndilo lililokuwa likinionyesha alipolala."