Msichana Aliyenitazama Mdomo

Mwaka ule nilipewa gredi ya saba yenye wanafunzi sitini na wanane, katika shule ya umma iliyo karibu na nyumba za zamani za Kaloleni. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka kumi na saba, na sauti yangu ilikuwa inakauka kabla wiki haijafika katikati.

Wiki ya kwanza nilisoma imla nikizunguka kati ya madawati, kama nilivyozoea. Msichana mmoja aliyekaa dirishani aligeuza shingo kila nilipompita, kisha akatupia jicho daftari la jirani yake. Nikadhani anaiba majibu. Nikamsimamisha mbele ya wenzake.

"Kwa nini unaangalia kazi ya mwingine?"

Alinitazama mdomo, si macho. "Pole, mwalimu," akajibu kwa sauti kubwa mno, na darasa zima likacheka. Nikaona ni ujeuri. Nikamwacha amesimama hadi kengele ilipolia.

Kesho yake nyanyake, anayekaanga chapati mtaani, alinisubiri nje ya ofisi ya walimu. Mikono yake ilikuwa bado na unga.

"Mwalimu, huyu mtoto hasikii vizuri. Aliugua akiwa mdogo, masikio yakaharibika. Anasoma midomo."

"Mbona hamkusema alipoandikishwa?"

"Kule tulikotoka tulisema. Wakatuambia hawana nafasi."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamhamisha msichana hadi dawati la mbele, nikamwambia polepole kwamba nilimkosea. "Ni sawa," akasema, kama mtu aliyekwisha kuwasamehe wengi kabla yangu.

Mwalimu mkuu nilipomweleza, hakuinua hata kichwa. "Hiyo ndiyo elimu jumuishi. Kila mtoto asome na wenzake, karibu na kwao. Utaweza tu." Huo ndio msaada nilioupata.

Basi nikajifunza kufundisha nikiwa nimesimama mahali pamoja kama nguzo. Sikuongea tena huku nikiandika ubaoni. Mtu wa nyuma akijibu, nililirudia jibu lake, maana msichana hakuweza kumwona. Somo la dakika arobaini likawa linaishia katikati. Mvua ikipiga mabati, hata wenye masikio mazima hawakunisikia, nikawa naandika tu ubaoni hadi mkono ukafa ganzi. Na kwa kuwa sikuzunguka tena, wa nyuma wakaachwa.

"Ticha, kwani sisi hatuko?" msichana mmoja wa huko aliniuliza. Alikuwa amesema kweli.

Nikifika nyumbani sikutaka kuongea na mtu. Wanangu wakiniuliza jambo, nilijibu kwa kichwa.

Muhula wa pili mimi na nyanya tulimpeleka yule msichana wa mbele kwenye kituo cha kupimia watoto masikio. Akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Wiki mbili baadaye nikakiona mfukoni mwake.

"Kinaleta kelele zote, mwalimu. Viti, madawati, watu wakikohoa. Wewe unapotelea humo."

Afisa mmoja wa kituo hicho alikuwa ameshauri ahamishiwe shule ya viziwi, upande wa pili wa jiji. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia nyanya kwamba mtoto anaendelea vizuri, alama zake zinapanda, ana marafiki, kwa nini atengwe? Nyanya akanisikiliza kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Ukapita mwaka. Akiwa gredi ya nane alianza kulaza kichwa kwenye dawati baada ya chakula cha mchana. Siku moja nikaketi karibu naye.

"Unaumwa?"

"Nimechoka. Mimi huchoka kila siku, mwalimu. Kuangalia midomo ni kazi. Nikipepesa macho, neno limepita."

Mimi nilikuwa nachoka kwa somo moja. Yeye alikuwa na masomo yote, walimu wote, na wengi wao walifundisha wakiwa wameangalia ubao. Jioni hiyo hiyo nilienda kwa nyanya, nikamwambia nilikosea. Akageuza chapati. "Ungeniambia mapema," akasema. Muhula uliofuata msichana alihama.

Likizo iliyopita nilimkuta hapo hapo kwa nyanyake, yuko na mwenzake wa shule mpya. Walikuwa wanaongea kwa mikono, upesi upesi, wakicheka hadi wanashikana mabega. Sikuelewa hata neno moja. Aliponiona akaja mbio.

"Huko sichoki," akaniambia. "Hata ikifika jioni bado nataka kuongea."

Nilifurahi, na ikaniuma. Nikawaomba wanifundishe kusema "habari." Nikakosea. Wakacheka, naye akanishika vidole akanirekebisha, mara mbili.

Muhula huu nina wanafunzi sabini na mmoja. Mvulana mmoja hueleza hadithi vizuri sana kwa mdomo, lakini ukimpa kalamu anaandika mistari miwili na kuacha. Sijui ana shida gani. Sijamsimamisha mbele ya darasa. Nimemwita mamake aje Jumanne.