Msingi Ulionyooshwa Siku ya Sabato

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa nimesomea wapi. Niliulizwa kama mikono yangu hutoa jasho. Aliyeuliza alikuwa Msanifu wa Wilaya pale Kisii, mzee mfupi wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Msanifu. Enzi hizo ramani za majengo tulizichora kwa wino juu ya karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, na tone moja la jasho liliweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Nikamwonyesha viganja. Akavikagua kama mtu anayechagua ndizi katika soko la Daraja Mbili, kisha akanielekeza kwenye meza yangu.

Ukutani juu ya meza hiyo ilining'inia kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wake ulikuwa umekwisha pita, lakini hakuna aliyejisumbua kuiondoa. Ilikuwa na picha ya uwanja mkubwa huko Isfahani, Uajemi, na msikiti wa vigae vya samawati. Mimi ni mdadisi tangu utoto. Mama yangu huko Nyamira alilalamika kwamba nawauliza wageni maswali kabla hawajaketi. Niliitazama ile picha mpaka ikaniudhi.

"Bwana Msanifu," nikasema, "mlango wa msikiti huu na kuba lake havitazami upande mmoja. Nani alikosea?"

"Umeingia kazini saa mbili," akajibu bila kuinua kichwa, "na sasa saa nne umeshamkosoa Mwajemi."

Kisha akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba hakuna aliyekosea. Uwanja wa mfalme ulitangulia, nao ulielekea ulikoelekea. Msikiti lazima uelekee Makka. Basi mlango ukautii uwanja, msikiti ukaitii Makka, na katikati wakajenga ujia unaopinda.

"Na mtu akipita kwenye huo ujia, anajua kwamba amegeuzwa?"

"Hilo ukalitafute mwenyewe," akasema. "Sasa chora choo cha shule."

Nilichora vyoo vingi vya shule. Lakini kila tulipokunywa chai nilimchokonoa anieleze zaidi, na kidogo kidogo nikamfahamu yule msomi ambaye inasemekana ndiye aliyepiga hesabu ya mwelekeo wa msikiti ule. Alikuwa mtu wa kasri la mfalme, zamani sana, mwanahesabu, mpimaji wa nyota, mwanasheria, na tena mtunga mashairi kwa Kiajemi. Mimi nilitaka kujua mengine. Alimwambiaje mfalme kwamba uwanja wake mzuri hauelekei kibla? Alipokosea mstari alifuta kwa nini? Viganja vyake je, vilitoa jasho? Bwana Msanifu hakujua, na ninaamini mpaka leo kwamba ilimuuma kutojua.

Nyinyi vijana mnaochora kwa kompyuta, acheni niwaeleze kitu kimoja cha kazi yetu. Ramani ni karatasi tu mpaka ipigiwe mambo. Mambo ni vile vigingi vinavyochomekwa ardhini na kufungwa kamba, kuonyesha kuta zitasimama wapi. Fundi huchomeka kigingi cha kwanza, na jengo zima humfuata. Huku kwetu mashamba ni membamba, yanatoka barabarani yakishuka hadi mtoni, na kila nyumba hutazama barabara. Fundi wa Kisii hata umfunge macho, kigingi chake cha kwanza atakichomeka sambamba na barabara.

Nilikuwa nimezoea kazi wakati kamati ya msikiti mmoja mdogo wa mtaani ilipomjia Bwana Msanifu kuomba ramani. Akaniita.

"Wewe ni Msabato, Jumamosi hufanyi kazi. Wao Ijumaa mchana wanaenda kuswali. Mtaelewana."

Kutoka Kisii, Makka iko kaskazini, ukielemea mashariki kidogo tu. Nilipiga hesabu hiyo kwa majedwali, nikairudia, kisha imamu akaikagua kwa dira yake na kutabasamu. Kiwanja nacho kilifuata barabara, na barabara haikuwa na habari na Makka. Basi nikachora jengo zima limegeuka ndani ya kiwanja. Mbele ukumbi wa wanaume, nyuma chumba cha akina mama, na pembeni chumba cha viatu, mikeka na mabomba ya kutawadhia.

Chumba cha akina mama kilidaiwa na Bi Zuhura. Aliuza mitumba Daraja Mbili, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita wateja, na alikuja ofisini kwangu mwenyewe, bila kutumwa na kamati.

"Mwanangu, mimi naishi Kiogoro, huko nje ya mji," aliniambia. "Adhuhuri ikinikuta sokoni, huwa naswali nyuma ya marobota ya nguo, watu wakiniruka mgongoni. Wao wanasema mwanamke aswali nyumbani. Kwani nyumbani nauza nini?"

Nilimpenda hapo hapo. Nikamwahidi chumba.

Sasa sikieni. Mambo yalipigwa siku ya Jumamosi. Mimi nilikuwa kanisani Nyamira, nimeketi na mama yangu. Jumatatu nikaamriwa nibaki huko huko Nyamira kuchora zahanati, chini ya Mhandisi mmoja mwenye kelele ambaye kwake kila kitu kilihitajika jana. Niliporudi Kisii, zege la msingi lilikuwa limekauka, limenyooka na barabara kama duka la unga.

Msimamizi wa mafundi alikuwa Ombati wa Marani, Mkatoliki mpole, fundi ambaye sijaona mwenzake kwa kusimamisha pembe. Alinipokea kwa furaha.

"Madam, ile ramani yako ilikuwa imelala vibaya kwa karatasi," akasema. "Nikajua ni haraka ya ofisi. Nikakunyooshea."

Sikuweza hata kumgombeza. Alikuwa amenifanyia hisani, na alipoelewa alichofanya akaketi juu ya rundo la mawe akavua kofia.

Mwenyekiti wa kamati aliitisha kikao pale pale kwenye msingi. Kuvunja zege hakukuwezekana. Safu za waumini zingechorwa kimshazari kwenye sakafu, basi, na kwa kuwa safu za mshazari huacha pembe tupu, wanaume wangekosa nafasi. "Ukumbi utachukua kile chumba cha nyuma," akasema. "Akina mama watatusamehe." Bi Zuhura alikuwa amesimama barabarani, kitenge begani, akisikia yote. Akajitanda kile kitenge, akarudi sokoni. Kumwona mgongo kulinichoma kuliko kama angenitukana.

Nilirudi ofisini nikaketi chini ya kalenda, maana ilikuwa bado ipo. Nikazitazama zile pembe tupu nilizozichora kwa penseli, pembetatu zilizobaki kati ya ukuta wa nje na safu za mshazari. Nikajiuliza yule mtu wa Isfahani angezifanyia nini. Asingezililia. Ule ujia unaopinda si ndio hasa nafasi iliyobaki kati ya uwanja na Makka? Aliitumia.

Nikaanza kuchora upya. Kuta za nje zifuate msingi wa Ombati, zitazame barabara. Ndani yake zisimame kuta nyembamba zilizogeuka, zifuate kibla. Viatu viingie katika pembetatu ya mbele, mabomba katika ya pili, mikeka katika ya tatu. Chumba cha pembeni kikabaki kitupu, nikawapa wanaume wakaongeze ukumbi wao. Pembetatu ya nne, ile ya nyuma, nikaifanya ujia wa kuingilia chumba cha akina mama, na mlango wao wenyewe.

Bwana Msanifu aliifuata mistari ya ramani hiyo kwa kidole, pembe kwa pembe. "Umemwibia Mwajemi," akasema, na akatia sahihi. Mwenyekiti aliuliza ni nani mwanamke huyu anayejenga nyumba ndani ya nyumba. Ombati ndiye aliyemjibu. Alisema kosa ni lake, na zile kuta za ndani atazisimamisha kwa mikono yake mwenyewe. Akafanya hivyo, na Jumamosi alipumzika, akisema hataki tena kuachwa peke yake na ramani yangu.

Nilihamishwa tena, nikapanda vyeo, nikastaafu. Siku hizi nachuma majani chai yangu Nyamira na kuwasumbua wajukuu kwa maswali. Ombati na Bwana Msanifu wote wametangulia.

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kumwona Bi Zuhura. Sukari imemla macho, haoni hata mwanga wa mlango. Adhuhuri ilipoingia akasema twende msikitini. Kwenye mlango wa akina mama akavua viatu, nami nikataka kumshika mkono nimwingize, akautoa mkono wangu taratibu.

"Niache, Kemunto."

Akaweka kiganja ukutani akaanza kutembea. Ukuta ulipogeuka, naye akageuka.

"Nyumbani lazima mjukuu anielekeze kibla, na siku nyingine ananichezea," akasema akiwa amenipa mgongo. "Hapa simwulizi mtu. Ukuta ukishanigeuza, najua nimefika mbele ya Mola sawasawa."

Nilibaki kwenye ujia, viatu vyake mkononi. Nilikuwa nimeuliza siku yangu ya kwanza kazini kama mtu akipita pale anajua amegeuzwa, nikaambiwa nikalitafute mwenyewe. Nililia kidogo, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na mzee wa kumpelekea hayupo. Kisha nikaketi kumngoja Bi Zuhura amalize.