Ndugu Yetu wa Mgeta

Mjomba wangu analima kabichi Mgeta. Kwa miaka mingi aliyemshushia matenga mlimani hadi kwenye lori alikuwa Mrundi asiye na kibali, akilipwa nusu ya ujira wa wabebaji wengine. Mjomba alimwita ndugu yetu, wakila sinia moja, na watu wakamsifu kwa ukarimu. Ukarimu gani, mimi sijui.

Serikali ilipotangaza kwamba wasio na vibali wajiandikishe bila kushtakiwa, yule bwana aliteremka Morogoro mjini akarudi na kibali chake. Kesho yake akaomba, kwa adabu zote, alipwe kama wenzake. Mjomba alikubali, maana sasa mtu huyo angeweza kwenda kubeba kwingine.

Mchana, chakula kilipokuwa tayari, mjomba akamwambia mkewe, “Huyo mgeni mpakulie peke yake.”