Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa betri za magari. Kwa miaka mingi alizipasulia nyuma ya nyumba yetu hapa Songea, akamwaga maji yake makali ardhini na kuyeyusha madini yake ya risasi kwenye sufuria kuukuu. Alipofariki nikalima bustani palepale. Mchicha ulistawi hadi majirani wakawa wanakuja kuomba mbegu, nami kichwa kikavimba.

Kisha bwana shamba wa kata, kijana mpole asiyetishwa na hasira zangu, akaona vipande vya betri kwenye tuta. Akachukua udongo kupeleka maabara. Jibu lilipokuja nilikaa chini. Risasi ilikuwa imejaa humo, na mchicha wenyewe haukuonyesha dalili yoyote. Nikasema nitakodi Fuso, udongo wote uchotwe ukatupwe bondeni.

"Shikamoo mama," akasema, ingawa tulishaamkiana. "Bondeni wanachota maji watu wengine."

Akanielekeza njia ndefu. Niweke chokaa, mbolea oza na unga wa mifupa iliyochomwa, ili risasi ishikwe palepale isiingie kirahisi kwenye mimea wala mwilini mwa mtu. Nioteshe nyasi, vumbi lisipeperuke. Pembeni nipande alizeti zivute sumu kidogo kidogo, halafu zing'olewe na mizizi yake, yeye mwenyewe aje kuzichukua. Zisikamuliwe mafuta wala kuku wasipewe. Mboga zangu nizihamishie kwenye viroba vyenye udongo safi. Kaka yangu akaniletea udongo wa kichuguu kutoka shambani kwake. Nikajaza viroba, uliobaki nikaurundika karibu na bomba.

Kazi ya mifupa nusura initoe roho. Niliibeba kutoka buchani, nikaianika, nikaichoma, nikaitwanga kwenye kinu nilichokitenga kwa kazi hiyo tu. Uani kulinuka, na mimi mwenyewe nilinuka. Jirani mmoja akaniuliza kama siku hizi nafuga fisi.

Watoto wangu sikuwaambia. Niliona aibu kwa niaba ya baba yao. Ningesemaje kwamba mtu aliyewasomesha aliacha sumu uani? Walipouliza habari za bustani, nikajibu nimechoka kulima, napanda maua.

Mwaka huohuo binti yetu akaja na basi kutoka Tunduru, ajifungulie kwangu mimba yake ya kwanza. Wiki ya pili, asubuhi, nilimkuta jikoni anatafuna kitu, na kwenye pindo la khanga amefunga bonge la udongo. Mjamzito kula udongo si jambo geni kwetu. Hata mimi nilikula, ule wa kununua sokoni. Lakini siku hiyo nilipiga kelele mpaka akaangusha kikombe.

"Umeutoa wapi?"

"Huko nyuma, mama."

Sikungoja neno jingine. Nilimshika mkono, nikaita bajaji, na njia nzima nikamwambia yote: betri, sufuria, majibu ya maabara. Nilimwambia kwa kumgombeza, utadhani yeye ndiye aliyeyeyusha. Alilia mpaka dereva akapunguza mwendo. Nami moyoni nilikuwa naomba mtoto aliye tumboni asidhurike kwa sababu ya aibu yangu ya kijinga.

Hospitalini, muuguzi wa makamo alitusikiliza wote wawili tukisema kwa pamoja. Akaninyamazisha kwa mkono, akamgeukia binti.

"Mwanangu, niambie taratibu. Ulichota mahali gani hasa?"

"Kwenye lile rundo la kichuguu, karibu na bomba. Kule kwenye alizeti hata kupita siwezi. Kunanuka mifupa, natapika."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka mgonjwa mmoja akahama benchi. Uvundo niliokuwa nikiulaani kila siku ndio uliomweka mwanangu mbali na sumu! Muuguzi hakucheka. Alimtoa damu ipelekwe kupimwa hata hivyo, akamkanya aache kula udongo wowote, uwe wa kichuguu uwe wa sokoni.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Majibu yalipokuja, hakukuwa na cha kutisha. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikishukuru Mungu kwa sauti, watu wakinipita pembeni.

Mjukuu alizaliwa salama, na kelele zake ni zangu kabisa. Udongo nao umepimwa tena. Risasi bado imo, lakini sehemu kubwa imeshikwa, na bwana shamba anasema tuendelee hivyohivyo bila haraka. Naendelea. Majirani wamezoea harufu, au wamechoka kulalamika.

Kitu kimoja sikutaka kukiacha kama kilivyokuwa. Nilitafuta kipande cha bati, nikaandika kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wangu wa miaka ya kufundisha shuleni: HAPA PALIVUNJWA BETRI. USICHUME, USILE UDONGO. Nikakipigilia mbele ya alizeti, kila apitaye akione. Binti alikuja na mtoto mgongoni, akakisoma mara mbili. Kisha akaniomba brashi, akainama, akaongeza chini yake kwa herufi ndogo:

Baba hakujua.