Sifa za Ng'ombe

Kwetu Pemba ng'ombe wa mchezo hasifiwi kimyakimya. Jumamosi, kule Makangale, mshereheshaji alishika kipaza sauti: "Huyu ajaye ni mkali, machachari, mkakamavu, damu yamchemka!" Zumari likalia, vijana wakakunja suruali wapate kukimbia. Ng'ombe akaingia, akaitazama nguo aliyopungiwa, akalala chini, akaanza kucheua.

"Anajitayarisha!" akasema mshereheshaji.

Bi mmoja pembeni yangu akaguna. "Ajitayarisha kulala huyo. Mtoeni, mlete mwengine!"

Wakamvuta kamba, akatolewa, mchezo ukanoga.

Jumatatu tukaitwa mkutanoni, maana mabomba yetu yamekauka toka Ramadhani. Mshereheshaji alikuwa yuleyule. "Kiongozi wetu huyu ni mkali, machachari, mkakamavu, damu yamchemka!"

Mheshimiwa akainuka, akasema suala la maji liko kwenye mchakato, akarudi kitini, akafumba macho.

"Anatafakari!" akasema mshereheshaji.

Nikamtafuta kwa macho yule Bi wa Jumamosi. Alikuwa mstari wa mbele, ndoo tupu miguuni, anapiga makofi kama sisi sote. Kamba hakuileta mtu.